Mtoto Mdogo katika Hoteli ya Ufukweni: Maswali ya Wasomaji

Katika barua tulizopokea kuhusu mapumziko ya baharini pamoja na watoto wadogo, tatu zimeuliza mambo ambayo wasomaji wengine pia wanayahitaji. Tumezifupisha bila kubadili maana.

SWALI: Mhariri, mimi na mume wangu tunaishi Dodoma. Mwezi wa Agosti tutatimiza miaka mitano ya ndoa, na kwa muda mrefu tumekuwa tukidunduliza fedha ili tukakae siku nne katika hoteli ya kifahari Zanzibar. Tulipoanza kudunduliza hatukuwa na mtoto. Sasa tunaye binti ambaye wakati huo atakuwa na miezi saba. Tumebakiwa na hoteli mbili. Moja iko Paje, nayo inatupa nyumba ya peke yetu yenye bwawa la kuogelea mbele ya mlango. Nyingine iko Kendwa, chumba cha kawaida tu katika jengo la ghorofa moja, kwa bei karibu ile ile. Mama mkwe anasema mtoto wa umri huo hapelekwi baharini, na kwamba tumwachie yeye. Mimi bado ninanyonyesha na sitaki kumwacha. Je, tuchague ipi, na ni kweli mtoto hafai kuguswa na maji ya bahari? — *Mama wa binti, Dodoma*

JIBU: Mchukueni binti yenu, na mchague Kendwa.

Sababu ya kwanza ni bahari yenyewe. Pwani ya mashariki ya Unguja, kuanzia Michamvi kupitia Bwejuu, Paje hadi Jambiani, ina maji mapana yasiyo na kina kati ya ufuko na mwamba. Maji yakipwa, hasa siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, bahari hurudi nyuma mamia ya mita, na mgeni aliyelipia kuiona huamka akakuta uwanda wa mchanga na majani ya bahari, akina mama wakienda kwenye mashamba yao ya mwani. Ni mandhari nzuri kwa macho, lakini mwenye mtoto mkononi hawezi kutembea umbali wote huo juani ili apate maji yanayofika magotini. Upande wa kaskazini-magharibi, Nungwi na Kendwa, ufuko umeinama zaidi na maji hayaendi mbali kiasi hicho, kwa hiyo saa mnayoitaka nyinyi ndiyo saa mtakayoyapata. Pili, Agosti ni msimu wa kusi, upepo unaovuma kutoka kusini-mashariki na kuipiga Paje uso kwa uso. Ndiyo sababu wachezaji wa matiara ya baharini huipenda Paje katika miezi hiyo, na ndiyo sababu mtoto aliyeketi pale mchangani atapuliziwa chembe za mchanga machoni mchana kutwa. Kendwa iko upande uliokingwa.

Sababu ya tatu ni lile bwawa la mlangoni. Naelewa kwamba ndilo lililopigwa picha na ndilo linalopandisha bei, lakini kwa mzazi wa mtoto anayeanza kutambaa sioni kitu kibaya zaidi cha kununua. Mtoto huweza kuzama katika maji yasiyozidi sentimita chache, tena huzama kimya, bila kupiga kelele wala kurusha maji. Nyumba za namna hiyo mara nyingi hazina uzio kati ya sebule na bwawa, kwa kuwa uzio huharibu sura. Mtakuwa mnabadilishana zamu ya ulinzi tangu alfajiri hadi usiku, na hayo hayatakuwa mapumziko. Ikiwa moyo bado unaning'inia Paje, waulizeni kama wanaweza kuweka uzio wa muda wenye mlango unaojifunga, na jibu lao liwe kwa maandishi.

Kuhusu rai ya mama mkwe, ningependa msiidharau. Jua, upepo na maji ya chumvi ni mambo ya kweli, na wazee wa bara waliolea watoto wengi wameona homa zilizoanza baada ya safari. Palipo na tofauti ni kwamba mtoto wa miezi saba, mwenye afya na aliyekamilisha chanjo za umri wake, hana sababu ya kitabibu ya kuzuiwa kufika pwani. Bali kumtenga na ziwa la mama kwa siku nne ndiko kunakoweza kumsumbua, na kukusumbua wewe pia kwa matiti kujaa. Mngeweza kumwalika mama mkwe aje naye akae na mjukuu saa za jioni. Kama hilo linafaa kwa sherehe ya miaka mitano ya ndoa, nawaachia nyinyi wawili mwamue.

Sasa tuingie majini. Bahari ya Zanzibar mwezi wa Agosti huwa na joto la nyuzi 25 au 26 hivi, ambalo kwa mtu mzima ni raha, ilhali mtoto hupoteza joto la mwili upesi kuliko sisi. Mara ya kwanza dakika tano zatosha, akiwa mikononi mwako na maji yakimfikia kiunoni. Mkizoea, mnaweza kufika dakika kumi au zaidi kidogo. Midomo ikianza kubadilika rangi au akitetemeka, mtoeni, mwogesheni maji ya uvuguvugu yasiyo na chumvi, mkausheni hasa kwenye mikunjo ya shingo na mapaja, kisha mnyonyeshe. Msimvike maboya ya mikononi mkadhani amekingwa, maana hayo ni vichezeo. Wewe mwenyewe uvae viatu vya majini, kwa sababu kwenye mawe hukaa viumbe wenye miiba mirefu myeusi, na mama anayechomwa mguuni akiwa amebeba mtoto huanguka naye.

Kuna hesabu ya maji ambayo wenyeji wanaijua na ambayo itawafaa sana. Siku za bamvua, yaani karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji ya Unguja hujaa karibu na saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na hupwa karibu na saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Kila siku inayofuata nyakati hizo husogea mbele kwa takribani dakika 50, hata kufikia siku za maji mafu, mwezi unapokuwa nusu, kujaa kunaangukia karibu na saa 4 asubuhi. Kwa mtoto, saa zinazofaa kuwa nje ni kabla ya saa 4 asubuhi na baada ya saa 10 jioni, kwa hiyo siku za bamvua zitawapa maji mazuri jioni, jua likiwa limepoa. Kama tarehe zenu zinaweza kusogezwa siku mbili tatu, tazameni mwezi kabla ya kulipa. Mapokezi wanapaswa kuwa na jedwali la maji. Hoteli ya ufukweni isiyokuwa nalo inanitia shaka.

Kati ya saa 4 na saa 10 kaeni ndani au kwenye kivuli kizito. Tuko karibu na ikweta, na mionzi ya adhuhuri ni mikali hata siku ya mawingu, tena mchanga mweupe huirudisha juu, hivyo mwavuli wa makuti peke yake hautoshi. Wazazi wengi hudhani ngozi yetu nyeusi haihitaji kinga. Ni kweli kwamba haiungui upesi kama ya Wazungu, ila ngozi ya mtoto mdogo bado ni nyembamba na huumia, na joto halichagui rangi. Mvisheni nguo nyepesi ya mikono mirefu na kofia yenye ukingo mpana. Kwa kuwa atakuwa amepita miezi sita, mnaweza kumpaka mafuta ya kukinga jua, ya kiwango cha kinga (SPF) cha 30 au zaidi na yenye madini ya zinki, kwenye uso na migongo ya mikono. Jambo moja ninaloliona mara kwa mara na linalonitisha ni kanga iliyofunikwa juu ya kigari cha mtoto ili asipigwe na jua. Hewa haipiti, na ndani ya muda mfupi joto la humo hupanda kuliko la nje. Mfungie kanga hiyo juu ya fito kama paa, pande zote zikiwa wazi, au uiweke kwenye bega lako ukimbeba.

Safari yenyewe ndiyo mahali ambapo ningependa mtumie fedha zaidi kuliko kupandisha daraja la chumba. Tangu katikati ya 2024 treni ya umeme ya reli ya kisasa (SGR) hufika Dar es Salaam kutoka Dodoma kwa takribani saa nne, na kwa mtoto ni bora mno kuliko basi, kwa kuwa unaweza kusimama, kutembea naye na kumbadilisha pampasi. Kutoka Dar kuna boti za mwendo kasi zinazovuka kwa saa mbili hivi. Lakini Agosti ni kusi, mkondo wa Zanzibar huchafuka, na mama anayetapika huona taabu kunyonyesha. Ndege huvuka kwa dakika kama 20. Mtoto aliye chini ya miaka miwili hupakatwa, na nauli yake huwa sehemu ndogo tu ya nauli ya mtu mzima. Mnyonyeshe ndege inapopaa na inapoanza kushuka, ili kumeza kumzibue masikio. Treni na ndege msizipange siku moja ikiwa mnaweza kulala Dar usiku mmoja. Kutoka uwanja wa ndege hadi Kendwa ni zaidi ya kilomita 50 za barabara, mwendo wa saa moja na zaidi, na teksi nyingi hazina kiti cha mtoto. Kiulizeni hotelini mapema, na wakisema wanacho, waombeni picha yake.

Kabla ya kulipa, pigeni simu hotelini wala msitosheke na picha za mtandaoni. Mnataka kujua kama kitanda cha mtoto kina godoro gumu lisilo na mito, kama chandarua kinakifunika chote, kama jiko litakubali kuponda viazi, ndizi au samaki mweupe aliyetolewa miba bila chumvi, na kama chumba kiko mbali na muziki wa usiku, kwa sababu Kendwa na Nungwi ni sehemu za sherehe na spika za ufukweni zinaweza kulia hadi usiku wa manane. Muulizeni pia aliyepokea simu, mtoto akiugua saa 8 usiku, nani ataendesha gari na kwenda wapi. Kwa upande huo wa kaskazini iko Hospitali ya Kivunge, na kwa jambo kubwa zaidi kuna Mnazi Mmoja mjini. Mhudumu anayejibu swali hilo bila kusitasita anafanya kazi mahali palipojiandaa, na kwangu mimi hiyo ndiyo nyota ya tano.

Chakula cha kujipakulia ambacho kimekaa mezani muda mrefu kisimhusu mtoto hata kidogo, wala asali hadi atimize mwaka mmoja. Maji ya dafu atapewa na kila mtu mwenye mapenzi mema. Kijiko kimoja viwili si tatizo kwa umri wake, ila yasichukue nafasi ya maziwa yako. Akiharisha, endelea kunyonyesha na umpe ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji na chumvi mwilini, kidogo kidogo pamoja na zinki miligramu 20 kwa siku, ambacho ndicho kipimo cha mtoto aliyepita miezi sita, kwa siku 10 hadi 14. Pakiti hizo zitokeni Dodoma zikiwa mkobani. Malaria Zanzibar imepungua sana kwa miaka mingi, lakini haijaisha, nanyi mtapita Dar pia. Homa yoyote itakayompata safarini au katika wiki chache baada ya kurudi ipimwe malaria, na daktari aambiwe mlikuwa wapi.

Pampasi bebeni za kutosha, kwa kuwa maduka ya hotelini huziuza kwa bei ya dhahabu. Tena bebeni mfuko wa nguo wa kuwekea zilizochafuka, kwa sababu mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Zanzibar tangu 2006.

SWALI: Mhariri mpendwa, tumealikwa Diani wiki ya Pasaka, katika hoteli ya nyota tano, na sisi tunatoka Nairobi. Mwana wetu atakuwa na miezi minne na anatumia maziwa ya kopo kwa sababu za kiafya za mama yake. Je, maziwa hayo yatakuwa salama kwenye joto la Pwani? Na tusafiri kwa treni, kwa gari letu au kwa ndege? — *Baba Mpya, Nairobi*

JIBU: Ndugu yetu, kinachoamua usalama wa maziwa hayo ni maji mtakayochanganyia na muda maziwa yatakaokaa baada ya kuchanganywa. Unga wa maziwa ya kopo si kitu kilichotakaswa kikamilifu, ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri uchanganywe na maji yasiyopungua nyuzi 70. Chemsheni maji katika birika la chumbani, msiyaache yapoe zaidi ya nusu saa, changanyeni, kisha poozeni chupa kwa kuisimamisha kwenye bakuli la maji baridi. Yaliyokaa zaidi ya saa mbili yamwagwe. Mkiondoka chumbani, bebeni maji ya moto kwenye chupa ya chai na unga uliopimwa kwenye vikopo pembeni. Joto lisiwashawishi kuyazimua. Mpeni maziwa yenye kipimo sahihi mara nyingi zaidi.

Pasaka huangukia mwishoni mwa kaskazi, msimu wa upepo wa kaskazini-mashariki, au mwanzoni mwa mvua za masika, wakati Pwani ina joto zito na unyevu, tofauti kabisa na baridi ya Nairobi mliyoizoea. Mtoto wa miezi minne hapakwi mafuta ya kukinga jua, kwa hiyo kinga yake ni kivuli na nguo, nami nisingemtia baharini katika umri huo. Kiyoyozi hakina madhara kikiwekwa kwenye nyuzi 24 hivi na upepo wake usielekee kitandani. Pwani ya Kenya ina malaria na Nairobi karibu haina, hivyo mwoneni daktari wa watoto kabla ya safari ili aamue kuhusu dawa ya kinga kulingana na uzito wa mtoto. Chandarua kitumike hata kwa usingizi wa mchana. Homa ya nyuzi 38 kwa mtoto mdogo kiasi hicho haisubiri asubuhi.

Kuhusu usafiri, treni ya Madaraka Express, iliyoanza 2017, ni tulivu, lakini baada ya saa tano au sita hushusha abiria Miritini, nje ya kisiwa cha Mombasa, na kutoka hapo bado mna gari hadi Diani, ama kwa kivuko cha Likoni chenye foleni za sikukuu, ama kwa barabara ya Dongo Kundu isiyopita kivukoni. Gari lenu kutoka Nairobi wiki ya Pasaka silishauri hata kwa wasio na mtoto. Ndege za kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi, hutua uwanja wa Ukunda baada ya saa moja hivi, dakika chache tu kutoka hotelini. Mkishafika, fungeni milango ya roshani, maana tumbili na nyani wa Diani wanajua chupa ya maziwa ni nini na hawaombi ruhusa.

SWALI: Sisi ni familia ya Kizanzibari tunaoishi Muscat, wote sasa tuna pasi za Oman. Tunakuja Unguja mwezi wa Disemba na mtoto wa mwaka mmoja na nusu, na hoteli inasema ina yaya wa kukaa naye jioni. Je, tumwamini? — *Bi. S., Muscat*

JIBU: Bibi, mwamini baada ya kumwona. Ulizeni kama yaya ni mwajiriwa wa hoteli au ni mtu anayeitwa kwa simu, kama amefundishwa huduma ya kwanza kwa mtoto aliyepaliwa, na kama usiku huo atakuwa na mtoto wenu peke yake au na wa vyumba vingine vitatu. Jioni ya kwanza mkae naye pamoja chumbani, amlishe na amlaze mkiwa mnatazama. Watoto wa umri huu humlilia mgeni, kwa hiyo kilio cha mwanzo si ushahidi dhidi yake, ila jinsi anavyokipokea ndiyo ushahidi. Kwa kuwa ni watu wa Unguja, huenda mna shangazi au binamu Mjini ambaye angefurahi kulala hotelini usiku mmoja, na huyo nitamchagua mbele ya yaya yeyote.

Disemba vuli huwa inamalizika na kaskazi inaanza, na joto limepanda. Kwa pasi zenu mnahesabiwa wageni, na tangu Oktoba 2024 wageni wanaotoka nje ya nchi hutakiwa kununua bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar, ambayo kwa mtu mzima ni dola 44 za Marekani. Ilipeni mtandaoni kabla ya kuondoka ili msisimame na mtoto aliyechoka kwenye foleni ya uwanja wa ndege. Yaya mtakayempata, mwambieni kwa maneno ya wazi kwamba mtoto hatoki chumbani kwenda bwawani wala ufukweni bila mmoja wenu, hata kwa dakika moja, na mwachieni namba ya simu iliyo na salio na chaji.